Daftari la safari halina Tunduru

Dada mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 47, fundi cherehani hapa Mtwara mjini. Naomba jina langu lisitokee. Wateja wangu nao wanakusoma, na kumpima mtu dera huku anajua siri ya nyumba yako ni kazi ngumu.

Mume wangu ana miaka 55. Tulioana mwaka 1999. Watoto ni wawili, mkubwa ni muuguzi Dodoma, mdogo yuko kidato cha tano. Mume ameendesha malori miaka 22: korosho, saruji, mbao, chumvi, chochote kinachofunikwa turubai. Mwaka juzi aliacha kwa sababu ya mgongo. Akiba yake akaichanganya na mauzo ya korosho za shamba letu, akanunua gari dogo lililokwisha kutumika. Jioni aliyolileta alilipaki chini ya mwembe, akazima, hakushuka. Nikamfuata nikakaa kiti cha pembeni. Akaniambia, "Mke wangu, nchi hii nimeizunguka yote na sijaiona. Nimesoma vibao tu."

Akanieleza. Dereva wa lori anapita kibao cha makumbusho, kibao cha magofu, kibao cha mapango, na hawezi kukunja. Mzigo una muda wake na tajiri anapiga simu. Pale Nangurukuru, njia panda ya Kilwa, amekula wali samaki mara zisizohesabika, wala hajawahi kukunja kwenda Kilwa kwenyewe. Sasa anataka turudi barabarani wawili, tusimame kwenye kila kibao alichokipita.

Dada, sisi si watu wa kutembea. Kwetu mtu anasafiri kwa msiba, kwa harusi au kwa ugonjwa. Mama mkwe aliposikia alicheka, akauliza tunakwenda kumzika nani. Lakini mimi nilifurahi. Miaka yote ile nilikuwa mtu wa kusikia honi tu, anakuja, anaondoka.

Mwaka jana mwezi wa nane tukaanza na Kilwa, siku nne. Sijawahi kumwona vile. Tulilipia kibali Kilwa Masoko, tukavuka kwa mashua hadi Kisiwani. Tukaonyeshwa Msikiti Mkuu na kuba zake, halafu tukatembea hadi Husuni Kubwa, jumba la sultani wa karne ya 14. Pale kuna bwawa la kuogea lenye pembe nane, na chini ya jumba ni bahari. Mume wangu alilizunguka akihesabu pembe kwa kidole kama mtoto wa chekechea. Akafika nane, akaanza upya. Akasema, "Huyu sultani alikuwa na fundi." Usiku kwenye nyumba ya wageni hatukulala, tulizungumza hadi adhana ya alfajiri. Ndipo nikajua, baada ya miaka yote hiyo ya ndoa, kwamba mume wangu anaogopa maji, na kwamba kwenye mashua alikuwa ameshika upindo wa kanga yangu njia nzima.

Tuliporudi akanunua kaunta buku na kupanga safari kubwa, mwezi wa nane mwaka huu, wiki tatu. Kila ukurasa ni siku moja. Masasi tulale, kesho yake Lupaso kwenye kaburi la Rais Mkapa. Songea siku mbili, Makumbusho ya Majimaji. Ameandika hadi tarehe, Februari 27, 1906, mashujaa 67 walionyongwa. Njombe. Iringa siku tatu: Isimila kwenye zana za mawe, na Kalenga, fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954. Dodoma kwa binti yetu. Kondoa, michoro ya miambani ya Kolo. Kurudi ni Bagamoyo, Dar, Kilwa Kivinje, Lindi. Tendaguru ameiwekea alama ya kuuliza kwa sababu ya barabara. Kila kituo kina kilomita zake, mafuta yake, na mahali pa kula.

Tunduru haimo.

Masasi hadi Songea ni zaidi ya kilomita 400 na Tunduru iko katikati, ndipo watu wanaposimama kula. Yeye ameandika: "Masasi kutoka saa kumi alfajiri, Songea kufika saa sita mchana." Nikamuuliza tutakula wapi. Akasema utafunga chapati. Nikamwambia lakini Tunduru si ndipo mlipokuwa mkilala? Akafunga daftari, akasema ule mji hauna cha kuona.

Sasa nikueleze. Mwaka 2007 mwezi wa tatu, barabara ile ilikuwa bado ya udongo na mvua ilikuwa kubwa. Lori lake lilikwama huko siku kumi na moja. Simu haikushika. Nilikuwa na mimba ya miezi minane, mtoto akazaliwa amekufa, mama mkwe na shangazi zake ndio walionisimamia. Aliporudi alikuwa amekonda na hakusema mengi. Baada ya hapo akamwomba tajiri ambadilishie njia, akawa wa Dar tu. Njia ile hakuirudia hadi anaacha kazi.

Hayo niliyaacha yapite. Ila mwezi wa pili mwaka huu nilichukua simu yake nimtumie mtoto hela ya matumizi, nikaona miamala. Shilingi elfu thelathini, tarehe tano au sita, kwa miezi yote mitatu niliyoiona, kwa jina la mwanamke nisiyemjua. Namba nimeinakili. Sijaipiga. Hapana, nisikudanganye, niliipiga siku moja, ikaita mara moja nikakata.

Rafiki yangu niliyemweleza alicheka, akasema dereva wa lori ana mke kila mizani. Tangu hapo sina usingizi. Nawaza kwamba ananizungusha nchi nzima, tusimame kila mahali isipokuwa pale penye jibu.

Na kuna mengine. Mtoto wa wifi yangu anaingia jandoni mwezi wa kumi na mbili, mume wangu ndiye mjomba, na wifi anasema pesa ya kutembeza mke inaonekana, ya mpwa haionekani. Mikorosho nayo mwezi huo wa nane inataka dawa. Halafu nusu ya pesa ya safari ni yangu, ya kikoba, tunagawana mwezi wa saba.

Niende? Nikatae? Nimuulize kabla, au njiani? Na sijui kuendesha gari, dada.

Mama Cherehani, Mtwara

—

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako niliisoma jioni, nikaiweka, asubuhi nikairudia. Nikuambie nilichokisikia, na nikikosea unisahihishe. Mume aliyekuwa akipita nyumbani kama mgeni kwa miaka 22 amerudi, na amerudi na gari na daftari, anakuomba ukae pembeni yake. Kule Kilwa ulimpata mtu ambaye hukuwa umemjua, aliyeshika upindo wa kanga yako ndani ya mashua. Kabla hujamaliza kumfurahia, umekuta mji uliorukwa na jina la mwanamke kwenye simu. Sasa unaogopa isije ikawa furaha ile ya Kilwa ilikuwa ya kufunikia kitu.

Hofu hiyo ina msingi. Elfu thelathini kila mwezi si ndoto yako, umeiona kwa macho. Sitakuambia "usiwaze".

Lakini nataka turudi kwenye sentensi moja uliyoipitisha haraka. Umenieleza mvua, udongo, lori, simu isiyoshika, kisha mtoto aliyezaliwa amekufa, kisha mara tukawa kwa tajiri na njia ya Dar. Bwawa la sultani umeliandikia mistari mingi kuliko mtoto wako. Sikulaumu. Kwetu huku Kusini mtoto wa namna ile huzikwa upesi na wanawake, watu hawakai matanga, na mama anaambiwa Mungu atampa mwingine. Anaamka, anaendelea kushona. Ila mimi ni mtu wa kando, nina haki ya kuuliza. Mlishawahi kumzungumza huyo mtoto, wewe na baba yake? Kuna mtu aliyempeleka kuonyeshwa alipozikwa? Siku aliyorudi amekonda, nani alimpa habari, na alimpa wapi, mlangoni au barabarani?

Nauliza kwa sababu wewe unausoma mwaka 2007 kama mwaka ambao mumeo alifanya jambo Tunduru. Inawezekana. Inawezekana vilevile kwamba kwake ni mwaka ambao hakuwapo Mtwara. Mwanamume aliyekaa siku kumi na moja kwenye tope, anakula mihogo ya wenyeji na kucheza bao, huku mkewe anapitia lile ulilopitia, anaweza kuuchukia ule mji hadi jina lake. Anaweza kuomba abadilishiwe njia. Anaweza, miaka mingi baadaye, kupanga kuupita bila kushuka na kusema hauna cha kuona. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema barua yako mwenyewe imebeba maelezo mawili, na moja tu ndilo linalokunyima usingizi.

Tuje kwenye muamala. Jina linalotokea kwenye simu ni la aliyesajili laini, na wewe unajua nyumba ngapi hapo mtaani laini moja imesajiliwa kwa jina la mama, inatumiwa na mtoto wa kiume, na hela inapokelewa na babu. Elfu thelathini za kila mwezi zinaweza kuwa za mtoto, ndiyo, na mtoto wa wakati ule leo ni kijana mkubwa. Zinaweza kuwa za mzee aliyemlisha kipindi kile. Zinaweza kuwa za mjane wa utingo wake, au deni, au mchango wa chama cha madereva. Huenda hata haziendi Tunduru kabisa. Hilo wewe ndiye uliyeliunganisha, miamala haitaji mji. Umechukua uzi mmoja wa mwaka 2007 na mwingine wa juzi ukavishona pamoja. Wewe ni fundi, mshono wako umenyooka, lakini hata nguo iliyoshonwa vizuri inaweza kuwa na vitambaa vya majora mawili.

Na rafiki yako na mizani yake! Kaka yangu alikuwa utingo miaka kumi. Alichokuwa nacho kila mizani ni deni la chai. Wapo madereva wenye nyumba mbili, kama walivyo walimu na mafundi seremala. Mumeo hawezi kuhukumiwa kwa kazi aliyoifanya. Ila hapa nitasema bila kuzunguka: mtu aliyeishi barabarani miaka yote hiyo pamoja na mkewe wana sababu ya kwenda kupima afya, hata kama mwanamke huyo hayupo kabisa. Kama hamjapima, pimeni, safari iwepo isiwepo.

Umeniuliza uende au ukatae. Nadhani chini ya swali hilo kuna lingine, la kuuliza au kutouliza, na hili la pili umelibeba tangu 2007.

Kumuuliza nyumbani kabla ya safari kuna faida moja kubwa: uko kwako, na ukiumia una pa kulala. Hatari ni kwamba nyumba yako ina mama mkwe upande mmoja na mlango wa wifi upande mwingine, na mwanamume akibanwa mbele ya masikio hayo atajibu jibu la kuwatosha wao. Halafu atachana daftari. Unaweza kulipoteza jibu na safari siku moja.

Kumuuliza njiani kunavutia. Ndani ya gari watu wawili wanatazama mbele, hawatazamani, na kuna maneno yanayotoka vizuri zaidi hivyo. Mumeo mdomo wake uko barabarani, amekuonyesha. Lakini fikiria na upande wa pili. Yeye ndiye mwenye usukani, wewe huendeshi, na kati ya Masasi na Songea kuna vipande virefu vya pori. Swali zito kwa mtu aliye kwenye mwendo linaweza kuwaweka nyote wawili pabaya, sizungumzii ndoa, nazungumzia mtaro. Kama ni njiani, basi gari liwe limesimama, chai iko mezani, na kesho yake si siku ya kilomita 400.

Unaweza kuipiga ile namba ukaacha iite. Utapata sauti. Hutapata maana yake. Anayepokea anaweza kuwa mtoto, anaweza kuwa bibi asiyesikia, anaweza kuwa yule unayemwogopa naye akakuambia atakavyo. Na mume atajua kabla hujaweka simu chini, kisha mazungumzo yote yatakuwa juu ya wewe kupekua, si juu ya yeye kutuma. Mlio ule mmoja ulioukata, kwa kweli, huenda umeshaonekana upande wa pili. Jiandae kusema kwamba ulikuwa wewe.

Kuna mama mkwe. Alikuwapo siku zile, alikusimamia, na alimpokea mwanawe aliporudi. Huenda anajua alichosema usiku ule. Lakini ukimuuliza asubuhi, wifi atakuwa nalo kabla ya mchana, na jioni litakuwa kisimani. Wewe ndiye unayemjua.

Halafu ipo njia ya kupunguza safari: mkabaki Kusini. Kuna watu wa Mtwara wamezaliwa na kuzeeka bila kuingia Boma la Mikindani, na ni hapo tu. Livingstone alianzia Mikindani mwaka 1866 safari ambayo hakurudi, na mumeo anayependa tarehe angefurahi kusimama pale. Newala kuna Shimo la Mungu, unasimama ukingoni unaona bonde lote hadi upande wa Ruvuma. Wilayani Kilwa, kwenye milima ya Matumbi ilikoanzia vita ya Majimaji mwaka 1905, kuna mapango ya Nang'oma. Wiki moja, hela kidogo, na mnarudi kwenye mikorosho. Ubaya wake ni kwamba yeye si mjinga. Ukisema tuishie hapa karibu, atauliza kwa nini, na utarudi kulekule kwenye swali.

Mimi ni mtu wa Lindi, niruhusu nikueleze habari ya Tendaguru kwa vile ameiwekea alama ya kuuliza. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, na wazee wetu ndio waliochimba na kuibeba kwa vichwa na mabega, siku kadhaa kwa miguu hadi bandarini Lindi. Mmoja wa mijusi hao amesimamishwa Berlin, ana urefu wa mita 13 na ushei kwenda juu. Mimi nilikwenda kilimani siku moja kwa pikipiki na binamu zangu, nimevaa viatu vizuri, nina hamu. Tulikuta nyasi. Mwenyeji akatuonyesha mahali palipoingia ndani kidogo, pameota vichaka, akasema lilikuwa shimo. Nilikaa pale nimeudhika, halafu nikacheka.

Nakueleza hivyo kwa sababu sehemu ya moyo wako inataka kufika Tunduru na kushuka, ukiamini kwamba ukikanyaga tu utajua. Ukishuka Tunduru utakuta mchele sokoni, wanunuzi wa vito, kituo cha mafuta, na mama ntilie atakayewauliza mnakula na nini. Mji hautakujibu kitu. Anayeweza kukujibu atakuwa upande wako wa kulia, anatafuta chenji.

Kama ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja ningekuuliza hivi: umewahi kumweleza *wewe* siku zile kumi na moja zilikuwaje kwako? Bila kumlaumu wala kumtega. "Mtoto alikuwa wa kike. Alikuwa na nywele nyingi. Nilikuwa nasikiliza kila lori linalopita." Sijui kama alikuwa wa kike, unaona ninavyosema, hata hilo hukuniandikia. Kuanza na lako kunaweza kufungua lake. Kunaweza pia kumfunga zaidi, wako wanaume ambao ukiwagusia msiba wanaenda kuosha gari. Na kuna hatari ya tatu ambayo sitaki uiangukie: mkalia pamoja, mkashikana mikono, na muamala ukafunikwa na kilio. Kama mtoto wa 2007 anastahili mazungumzo yake, elfu thelathini nayo inastahili yake, siku nyingine, kwa sauti ya kawaida, kama unavyouliza hela ya umeme. "Niliona kwenye simu yako. Ni ya nani?" Kisha unyamaze umwache ajibu.

Kuna mlango mwingine mdogo ambao yeye mwenyewe ameuacha wazi. Mgongo. Mtu aliyeacha kazi kwa mgongo anajiandikia saa nane za usukani bila kushuka? Muuguzi wenu wa Dodoma akiliona daftari hilo atapiga kelele. Unaweza kusema tu kwamba mgongo wako huu hautafika Songea bila kunyooshwa, tusimame wapi? Swali la kweli, la mke. Utaona anavyojibu, na uso wake.

Hayo mengine nayataja upesi, ingawa si madogo. Wifi yako usimchukulie kama mchokozi. Kwetu mjomba ndiye mwenye mpwa, na siku mwali anapotoka watu wataangalia mjomba amesimama na nini. Mkitoa fungu la jando mkalikabidhi kabla hamjawasha gari, tena mbele ya mama mkwe, safari yenu itasemwa kidogo. Kusemwa itasemwa. Mikorosho nayo haijui kama mko Kolo mnaangalia michoro. Ugonjwa wa ubwiriunga ukiingia kwenye maua mwezi wa nane, mtakuja kuiona safari yenu kwenye mnada. Tafuteni mtu wa kupulizia, mlipe nusu, nusu mkirudi. Kusogeza safari mbele hadi masika sikushauri, hasa kwa njia mtakayorudia. Umeona Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyoikata barabara ya Dar, tukabaki huku Kusini kama kisiwa.

Pesa ya kikoba ni yako. Ukiamua kuitia safarini, tia. Ila ibaki nauli ya basi la kukurudisha Mtwara kutoka popote mtakapokuwa, na iwe mkononi mwako. Mwanamke aliyekaa kwenye gari huku anajua anaweza kushuka anaongea tofauti na asiyeweza. Na ukitaka kujifunza kuendesha, kuna miezi kabla ya Agosti, na nyumbani kwako yuko mtu aliyeendesha miaka 22. Mwombe akufundishe. Sijui atasema nini, lakini mtakuwa mmekaa tena ndani ya gari lililosimama chini ya mwembe, na safari hii wewe ndiye utakayekuwa kwenye usukani.

Niandikie utakavyofanya, hata kama ni kutofanya chochote kwanza. Na mkienda, msilitoe gari hapo Mtwara kabla fundi hajafungua magurudumu yote manne akaangalia breki. Ukitoka Songea kwenda Njombe kuna Lukumburu, kona juu ya kona, na mumeo alizoea breki za lori.